Bomba la Hewa la Mama Barafu

Mume wa Mama Barafu alikuwa na mchezo mmoja uliomkera mkewe kuliko kukoroma. Kila alipobadilisha injini ya gari la mtu, aliing'oa kompresa ya AC, akapita nayo kwenye kijilango cha ule ukuta wa mabati uliotenganisha karakana zao mbili, akaiweka juu ya meza ya mkewe kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu aliyetoka mawindoni.

"Mke wangu," alisema, "nimekuletea kitoweo."

Majirani walicheka. Mwenyewe Pistoni, maana ndivyo mtaa mzima ulivyomwita, alicheka kuliko wote. Mama Barafu naye alicheka, miaka ile ya mwanzo. Baadaye akawa anatabasamu tu. Mwishowe akawa anaichukua bila neno na kuitupa kona ya nyuma juu ya zingine, na rundo hilo lilikuwa limepanda hadi usawa wa dirisha.

Ukilitazama jambo lenyewe, lilikuwa gumu kumeza. Yeye ni fundi wa AC za magari. Mumewe, ng'ambo ya ukuta, kazi yake ni kuziondoa. Ni sawa na mshona nguo kuolewa na mtu anayechana nguo.

Pistoni hakuwa mtu mbaya, wala hakuziondoa kwa chuki. Injini alizozifunga zilikuwa zimetoka kwenye magari mengine, nyingi kubwa kuliko zile zilizokufa, na chini ya boneti nafasi ni ileile aliyoipanga mwenye kiwanda. Injini lazima ipumue. Lazima bomba la hewa litoke kwenye chujio lizunguke hadi kwenye injini, na mara nyingi njiani limekaa dude la chuma, yaani kompresa. Pistoni hakuwa mtu wa kuzunguka.

"Gari ni injini," alizoea kuwaambia wateja. "Hayo mengine mapambo. Joto likizidi, fungua dirisha. Upepo wa Mungu hauna bili."

Mama Barafu alilipata jina lake kabla ya kupata meno yote ya ukubwani. Mama yake aliuza maji ya baridi na barafu kwa mafundi ujenzi, kutoka kwenye jokofu moja lililokaa sebuleni kama mgeni wa heshima. Watoto wa jirani walipomwona binti akipita na ndoo iliyofunikwa gunia, walipiga kelele, "Barafu huyo!" Siku jokofu lilipozima, nyumba nzima iliingia huzuni utadhani kuna mgonjwa. Akaitwa fundi. Binti akasimama kisogoni pake, karibu mno, hadi fundi akawa anamgonga na kiwiko.

"Baridi inatoka wapi?" akamuuliza.

Fundi hakugeuka. "Baridi haitoki popote, mwanangu. Sisi tunatoa joto tu. Joto likishatoka, kinachobaki ndicho unachokiita baridi."

Maneno hayo yalimkaa. Alipomaliza shule alimfuata fundi yuleyule akamwomba kazi. Alifagia, alibeba mitungi ya gesi, alichekwa. Waliomwambia mwanamke na gesi haviendani aliwauliza mama zao walikuwa wakipikia nini. Kutoka kwenye majokofu akahamia kwenye magari, na kutoka kwenye magari akampata mume. Lori la nyama lilikuwa limeharibika mara mbili kwa mpigo: injini haiwaki, na jokofu la nyuma haligandishi. Kijana mmoja akashika injini, yeye akashika jokofu, wakafanya kazi kutwa nzima wamepeana migongo. Kijana alipiga mbinja isiyo na mahadhi. Jioni ilipokaribia, akakohoa, akamuuliza kama ana mtu.

"Nina spana namba kumi na tatu," akajibiwa, "na wewe ndiye uliyeikalia."

Ndoa ikaanzia hapo. Binti yao sasa alikuwa shule ya bweni, na mama mzaa Pistoni alikuwa akiishi nao: bibi mmoja mwembamba, mwenye masikio makali na ulimi mkali zaidi.

Asubuhi moja mpishi wa keki alifika gari lake likivutwa kwa kamba. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya uwanja, na keki zake zilikuwa zikihudhuria harusi nyingi kuliko wachungaji na masheikh. Gari lilikuwa limeishiwa maji njiani, naye akaendelea kuliendesha akiamini moshi ule unatoka gari la mbele.

Pistoni alifungua boneti, akanusa, akatikisa kichwa. "Hii imeshakwenda. Nitakutafutia nyingine, yenye nguvu zaidi. Utapanda kilima unaimba. Ila AC tutaitoa."

"Utaitoa upeleke wapi?"

"Haina nafasi, mama. Bomba la hewa la injini mpya linapita hapohapo."

Mpishi wa keki alishika kiuno. "Fundi, umewahi kuona keki ya ghorofa nne ikitokwa jasho? Krimu inateremka taratibu kama machozi ya mtu aliyeachwa. Maua yanalala. Bibi harusi anaangalia keki, keki inamwangalia bibi harusi, wote wanalia. Gari lisilo na AC kwangu mimi ni mkokoteni. Bora uninunulie punda, angalau punda nitamlisha mabaki."

"Nenda popote, watakuambia hivihivi."

"Nimeshakwenda. Wameniambia hivihivi." Sauti ilimshuka ghafla. "Ndiyo maana nimekuja hapa. Nimesikia hapa kuna mafundi wawili."

Upande wa pili wa mabati, Mama Barafu alikuwa ameshika spana bila kuitumia. Hakuwahi hata siku moja kumpinga mumewe mbele ya mteja. Nyumbani, ndiyo, tena kwa ufasaha. Lakini karakana ya mtu ni kama jiko la mtu, huingii ukaonja mchuzi ukatema. Akaiweka spana chini. Akajifuta mikono. Akapita kwenye kijilango.

"AC itabaki," akasema.

Pistoni akageuka. "Nani kasema?"

"Mimi. Bomba nitalitengeneza mwenyewe. Shikamoo, dada," akamwambia mpishi, aliyemzidi umri. "Gari liache."

"Marahaba, mdogo wangu," mpishi akajibu, na kabla mtu hajabadili mawazo akawa ameshatia funguo mkononi mwa Mama Barafu, si mwa Pistoni. Pistoni alitabasamu kwa meno tu. Macho yalikuwa kwingine.

Chakula cha siku hiyo kilipita kimyakimya, vijiko vikisikika kama nyundo. Bibi akavumilia, kisha akashindwa.

"Mchuzi umekosa chumvi, au ni nyinyi?"

"Mama," Pistoni akasema, "mkweo amenivua nguo mbele ya mteja. Anataka kupitisha bomba mahali ambapo hata panya hapiti."

"Lazima lipite?"

"Lazima."

"Na hicho kidude kingine lazima kikae?"

"Kwake yeye, lazima."

Bibi akamumunya tonge lake. "Mimi na marehemu baba yako tulilala kitanda cha futi tatu na nusu, na alikuwa na tumbo. Usiniambie habari za nafasi. Nipe maji."

Mama Barafu alikaza uso asicheke. Pistoni alisukuma jagi, na kesho yake alikwenda kuitafuta injini.

Injini ilipofungwa mahali pake, Mama Barafu aliinama chini ya boneti akatia mkono kati ya kompresa na feni ya rejeta. Kiganja kilipita kikiwa kimelala. Ngumi haikupita. Akasimama pale muda mrefu, kichwa upande, mpaka Pistoni akamuuliza kama anasubiri ipanuke.

Kwanza aliishusha kompresa. Aliikatia kiti kipya kutoka kipande cha bamba nene, akatoboa, akapima, akatoboa tena palipokosewa. Mkanda wa zamani wa kuizungushia haukufika. Akapata mrefu zaidi. Sasa ngumi ilipita, kwa kukwaruza. Kisha akachukua waya wa henga ya nguo akaupinda kidogo kidogo kufuata njia ambayo hewa ingeipenda: kutoka pembeni, juu ya kompresa, nyuma ya feni, halafu kona ya ghafla kuingia kwenye injini. Juu ya waya akazungushia karatasi ngumu za maboksi ya keki, ambayo mpishi alikuwa amemletea kibunda kizima bila kuuliza ya nini. Bomba la kwanza, kwa hiyo, lilikuwa la boksi, limeandikwa "Hongera" ubavuni.

La pili lilikuwa la alumini. Alinunua vipande vya bomba kwa muuza vyuma chakavu, akavikata kwa msumeno kwa mshazari, akawa anavigeuza na kuviunganisha kimoja baada ya kimoja ili kupata ile kona. Kila kiungo alikipiga tupa mpaka mwanga usipite katikati, kisha akakichomelea. Kazi ya kuchomelea alumini aliijua kutoka kwenye mabomba ya AC, naye hakuipenda. Chuma kina adabu: kikizidiwa na moto kinakuwa chekundu, kinakuonya. Alumini hunyamaza tu, inakutazama, halafu inaporomoka chini kama uji. Kipande kimoja kilimfanyia hivyo akiwa karibu kumaliza. Alizima moto, akatoka nje, akanunua maji, akayanywa yote akiwa amesimama, akarudi kuanza upya.

Pistoni alipita kwenye kijilango kutafuta nyundo ambayo, kusema kweli, ilikuwa mfukoni mwake.

"Hapo umelibana," akasema akionyesha sehemu inayopita juu ya kompresa. "Injini itakosa pumzi."

"Sijalibana, nimelilaza. Limepungua kimo, limeongezeka upana. Hewa ni ileile."

Pistoni akaliinua, akachungulia ndani kwa jicho moja kama mtu anayeangalia bunduki. Akapitisha kidole kwenye viungo. "Mmh," akasema. Kwa Pistoni, hiyo ilikuwa hotuba.

Pistoni mwenyewe akafunga chujio nyuma ya rejeta, akaunga nyaya za kihisi cha hewa, akakaza vibano. Wakawasha. Injini ikanguruma vizuri. AC ikatoa baridi. Pistoni akapiga boneti kofi la furaha.

"Twende tukalijaribu."

Walifika hadi kwenye taa za njia panda. Gari liliposimama, kompresa ikashika, tak, na injini ikatetemeka kama mtu aliyemwagiwa maji, ikazima. Pistoni akawasha. Ikazima. Akawasha tena. Nyuma yao honi zilianza kama harusi. Askari wa barabarani akapunga mikono. Wapita njia wawili wakawasukuma pembeni, na mmoja akainamia dirishani akijifuta jasho.

"Mzee na mama, mmeishiwa mafuta au mapenzi?"

Pistoni akafunga dirisha.

Pistoni alizima AC, akawasha injini: ikatulia kama paka. Akawasha AC: ikafa. "Umeona? Ushahidi huo. Kompresa yako inaikaba injini. Nilisema. Kesho naing'oa, tumrudishie mama wa watu gari lake, mambo yaishe."

Mama Barafu alikuwa akitazama mbele, kwenye kioo. Alipozungumza, sauti haikupanda.

"Lile rundo kule nyuma unalionaga?"

"Rundo gani?"

"La kitoweo."

Pistoni akaondoa mkono kwenye ufunguo.

"Kila moja pale ni mtu ambaye angekuja kwangu, na hatakuja tena. Unanifukuzia watu, halafu unaniletea maiti zao mezani, na unataka nicheke."

"Lakini ulikuwa unacheka."

"Nilicheka mwaka wa kwanza."

Magari yalipita. Ndani ya gari kulianza kuwa na joto, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyekumbuka kufungua dirisha. Pistoni alikuna shavu ambalo halikuwa likimuwasha. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini yote aliyokuwa nayo yalikuwa ya kuchekesha, na aliona wazi kwamba hapa hayatamfaa. Akafungua mlango, akateremka, akafungua boneti, akasimama pale akitazama ndani. Baada ya kitambo mkewe akaja kusimama upande wa pili.

"Washa," akasema Mama Barafu. "Halafu washa AC. Mimi nasikiliza."

Ilikuwa katika kusikiliza huko, sikio karibu na bomba, ndipo macho yake yakaangukia kampira kadogo kembamba kama mrija, kalikokuwa kamelala pembeni ya injini, mdomoni kamezibwa kwa bolti.

"Hiki ni nini?"

Pistoni akateremka tena, akaangalia. "Ah, hicho. Kilikuwa kinaingia kwenye bomba la zamani. Lako halikuwa na tundu, nikakiziba."

"Kazi yake?"

"Kazi yake ni kuipa injini hewa ya nyongeza. Gari likiwa limesimama, hujakanyaga mafuta, na mzigo…" Maneno yakaanza kupungua kasi. "Mzigo ukiongezeka…"

"Mzigo kama upi?"

Pistoni akatazama askari wa barabarani, akatazama mawingu, akatazama viatu vyake.

"Kama AC," akasema, kwa sauti ambayo mama yake, pamoja na masikio yale, asingeisikia.

Mama Barafu alifumba mdomo. Alijikaza kisabuni. Lakini Pistoni mwenyewe ndiye aliyepasuka kwanza, akacheka hadi akaegemea taa ya gari, na mkewe akashindwa naye akacheka, watu wazima wawili kando ya barabara wakifutana machozi kwa mikono yenye grisi.

"Na mimi nilikosea," akasema Mama Barafu alipopata pumzi. "Nililiona tundu kwenye bomba la zamani. Nikadhani la kutolea maji ya mvua. Nilipaswa kukuuliza."

"Tulikuwa hatuzungumzi."

"Ndiyo."

Pistoni akachomoa ile bolti, akaigeuzageuza kiganjani. "Sikujua," akasema. "Habari ya lile rundo. Nilidhani ni utani wetu, mimi na wewe."

"Sasa umejua."

Haikuwa suluhu ya kupigiwa vigelegele, ila walirudi wakiwa wamekaa ndani ya gari moja kweli, si miili tu.

Mama Barafu alitoboa bomba, akachomelea kijimdomo kwenye tundu, kampira kakaingia, na gari likasimama na AC yake likinguruma bila kushtuka. Wangeweza kuishia hapo. Lakini walipolipandisha kilima cha nyuma ya soko, jua likiwa utosini, injini ikawa nzito. Ilipanda, ndiyo, ila kwa kugumia, kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Walipofika juu Mama Barafu aliteremka na kipimajoto chake, akakisogeza kwenye chujio la hewa. Injini ilikuwa inavuta hewa iliyokwishapita kwenye rejeta, ya moto kama ya mdomo wa tanuri.

Mahali pa chujio alipachagua Pistoni. Mama Barafu alijua, na Pistoni alijua kwamba anajua. Zamani angesema magari yote ndivyo yalivyo. Alikunja midomo kidogo.

"Wewe ungeliweka wapi?"

Swali hilo lilimchukua mkewe muda kuliamini. "Nyuma ya taa," akasema. "Ndani ya madigadi, kule upepo unakoingia wenyewe. Halafu tulijengee sanduku, lisivute hata tone la joto la huku."

"Sanduku litavujia kwenye boneti."

"Ule mpira wa milango ya majokofu ninao, wa kumwaga."

Walilijenga pamoja. Yeye alikata bati, mume akakunja. Waligombana kuhusu skrubu au ribiti, wakagombana kuhusu nani kapoteza penseli, ambayo ilikuwa sikioni mwa Pistoni. Mpira wa jokofu ulizunguka ukingo wa juu wa sanduku, na boneti ilipofungwa iliushindilia kwa mlio mzito wa kuridhisha. Bibi alikuwa amewaletea chai siku hiyo, akasikia mlio ule.

"Mmefunga jokofu au gari?" akauliza.

"Vyote, mama," akasema Pistoni.

Mpishi wa keki hakutaka kusikia habari ya majaribio. Alikuwa na keki ya ghorofa nne ya kupeleka ukumbi wa ng'ambo ya kilima, adhuhuri, na akawaamuru wote wawili wapande.

"Keki ikifa, tufe nayo."

Pistoni akakaa mbele. Mama Barafu akakaa nyuma, mikono imekumbatia ubao wa keki, maua ya sukari yakimtazama puani. Msongamano ulianzia kwenye njia panda ileile. Magari yalikuwa yamejipanga juani yakichemka, watu madirishani wakijipepea kwa chochote walichonacho. Kompresa ilishika, tak. Pistoni akafumba macho. Injini ikainama kidogo, ikajiinua, ikaendelea. Tak nyingine, macho yakafumba tena. Mpaka foleni inasogea alikuwa amefumba na kufumbua kama mtu aliyeingiwa na mchanga, na kila mara injini ilikuwa pale.

Kisha kilima. Mpishi alikanyaga mafuta, na gari likapanda. Halikugumia. Bomba lilitoa sauti nene ya kuvuta hewa, mvumo ambao gari lile halikuwahi kuwa nao, na mpishi akageuka nusu kwa furaha.

"Linaimba!"

"Tazama barabara, dada!" Mama Barafu akapiga kelele kutoka nyuma, ghorofa nne zikimwegemea.

Walipokaribia kilele mpishi alianza kusugua mikono yake. "Fundi, samahani. Punguza hiyo baridi. Nimesahau sweta."

Mama Barafu alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye ubao wa keki, na Pistoni alipogeuka kuona kama kuna tatizo, aliona mabega yake yanatikisika kwa kicheko.

Keki ilifika ikiwa imesimama wima. Ua moja tu lilidondoka, na hilo ni kwa sababu mpishi alifunga breki kumpisha mbuzi. Alilirudisha kwa kidole, akalamba kidole, akaingia ukumbini kichwa juu.

Mwanamke mwenye sauti ile hahitaji kubandika matangazo. Ndani ya muda mfupi mtaa wa mafundi ulijua, na mitaa ya jirani ikajua, kwamba kuna mahali unabadilishiwa injini na ubaridi wako unabaki nao. Alikuja mwenye teksi ambaye abiria walikuwa wakimkimbia. Alikuja baba mmoja mwenye mtoto wa pumu, asiyeweza kufungua madirisha kwa sababu ya vumbi. Wengine walikuwa wateja wa zamani wa Pistoni waliorudi kwa aibu kidogo kuuliza kama kilichotolewa kinaweza kurudishwa. Mara nyingine iliwezekana. Mara nyingine hapana, na Mama Barafu aliwaambia kweli. Mabomba mengine yaliyofuata yalitoka mazuri kuliko lile la kwanza. Mawili yaliporomoka motoni akayaanza upya. Binti yao aliporudi likizo alikuta mama yake ana karatasi ngumu za kupimia zimening'inia ukuta mzima, kila gari na umbo lake, akauliza kama siku hizi anashona.

Utani haukufa kati yao, ungekufaje? Lakini Pistoni alijifunza kutazama uso wa mkewe kabla ya kuucheka mwenyewe utani wake, na kwa mwanamume wa umri wake hayo yalikuwa masomo ya juu.

Asubuhi moja lilifika gari la mwalimu mstaafu, dogo, la zamani, limebebwa juu ya lori. Asubuhi ya siku ya kufunga injini nyingine, Mama Barafu alikuwa ndiyo kwanza anakoroga chai aliposikia mabati yanagongwa.

"Mke wangu! Njoo kabla sijafunga hata nati moja."

Akapita na kikombe mkononi. Injini mpya ilikuwa bado inaning'inia kwenye mnyororo, na Pistoni alikuwa ameinama juu ya lile shimo tupu chini ya boneti, futi ya kupimia mkononi.

"Nini tena?"

"Nataka uniambie wewe unakaa wapi. Nami nijue pa kupita."

Mama Barafu akakiweka kikombe juu ya paa la gari. Akainama kando yake, akatia mkono ndani, akagusa ukuta wa kushoto, akagusa chini. "Mimi hapa," akasema. "Wewe pita juu."

"Juu nitagonga boneti."

"Utagonga ukipita kwa haraka. Lete hiyo futi."

Akampa.